Vipakiti Vitupu Vikae Mlangoni

Shemeji yangu Sheishenaly ni injinia. Nimeagizwa nimtaje hivyo mbele za watu, na mimi ni mtu wa kutii. Uinjinia wenyewe aliupata Bishkek, mji wetu mkuu, katika chumba kimoja juu ya duka la mazulia, kwenye mafunzo yaliyokwisha kabla mkewe hajamaliza gunia la unga alilomwachia. Kabla ya hapo alikuwa akipima uzito wa kondoo kwenye shamba la ushirika. Na kabla ya hapo alikuwa mtoto niliyemkuta kwa wakwe siku nilipoletwa bi harusi, kamasi zinamchuruzika, amekalia sanduku langu la nguo anakula peremende zangu. Mimi ndiye niliyemwogesha. Kwa hiyo akija na koti lake la mifuko mingi akaniambia, "Shemeji, mambo ya mtandao ni mazito kwako," huwa namwangalia masikioni, nione kama siku hizi anayasafisha.

Kaka zake wote, akiwemo marehemu mume wangu, walitoka wakajenga kwao. Yeye kama kitindamimba alibaki na nyumba ya wazazi, na ndani ya nyumba hiyo alibaki na mama yao, Mama Uulkan, mama mkwe wangu. Ua wao na wangu umetenganishwa na ukuta mfupi wa udongo, na Mama Uulkan hakuwahi kuhitaji simu kunifikishia maoni yake juu ya mkate wangu.

Kijiji chetu cha Tash-Bulung kiko juu kiasi kwamba hata habari mbaya hufika zimechoka. Mtandao wa kampuni za simu unatosha kusema haloo. Ukitaka kusikia jibu, panda kilimani. Sheishen ndiye aliyetuletea intaneti ya maana, sikatai. Kijiji kizima kilijitolea, wanaume na farasi wakaburuta mlingoti hadi kileleni, na kutoka hapo mawimbi yanaruka mpaka Naryn mjini. Njia ya kuleta vitu kwetu aliifanya pana kiasi. Njia ya kupeleka aliifanya nyembamba, kwa sababu, alituambia kwenye mkutano huku amechomeka kalamu sikioni, "sisi watu wa milimani tuna nini cha kupeleka?"

Tuna karamu, bwana injinia. Nusu ya vijana wetu wako Urusi na Korea wanafunga maboksi, na huku nyumbani kila mtoto akitahiriwa, kila mzee akiongeza mwaka, kila binti akitobolewa masikio, lazima ichukuliwe video tangu kondoo anapofungwa miguu mpaka mgeni wa mwisho anapotafuta kiatu chake, na lazima ipelekwe nzima. Ukiikata utamkosea yule uliyemkata. Njia nyembamba ilijaa tangu wiki ya kwanza na haijawahi kupumzika.

Mlangoni mwa mtandao, ndani ya ofisi ya zamani ya ushirika, Sheishen aliweka kompyuta kuukuu iliyotupwa na shule. Wenyewe wanaiita ukuta wa moto. Niliposikia jina nilifurahi, maana ofisi ile ina baridi ya kaburi, lakini ukuta wenyewe haukumpasha joto hata paka. Kazi yake, kumbe, ni kwamba kila kinachoingia na kutoka kijijini kinapita hapo, na yeye ndiye anayepanga foleni na kuamua nani atangulie.

Sasa mpe mtu wa kwetu kazi ya kuamua nani atangulie, halafu usimame pembeni uangalie. Sisi tukichinja kondoo, kila mfupa una mwenyewe. Mfupa wa nyonga ni wa mkubwa kuliko wote, kichwa kina mtu wake, paja lina mtu wake, na wakwe wana chao. Mkubwa anakaa ndani kabisa mbali na mlango, na kadiri cheo kinavyopungua ndivyo unavyosogea kwenye viatu. Nimeona wanaume wazima wenye wajukuu wakinuniana kuanzia mavuno mpaka mavuno kwa sababu mmoja alipewa mfupa wa bega uliokuwa wa mwenzake. Basi injinia wetu akaketi siku nzima mbele ya ule ukuta wake, akaugawa mtandao kama anavyogawa nyama.

Foleni ya kwanza alimpa Dootaly, mkuu wa kijiji. Ya pili imamu. Ya tatu mwalimu mkuu, na wakwe wa Dootaly wakabanwa hapo hapo kati, wasije wakasusa. Wakafuata wazee, kisha wenye farasi wengi, kisha sisi wengine. Alinialika nije nione, akanionyesha kwenye kioo mistari ambayo ilionekana kwangu kama chawa waliopanga mstari.

"Na hawa wa mwisho kabisa ni akina nani?" nikauliza.

"Ah, hao!" Akacheka kicheko cha kitaalamu. "Shemeji, vitu havipiti mtandaoni vizima. Vinakatwakatwa kuwa pakiti. Sasa mimi nikachunguza, nikakuta kwenye njia ya kupeleka kuna utitiri wa vipakiti vidogo sana. Vingi kuliko nzi. Nikavifungua. Unajua ndani mna nini?"

"Nini?"

"Hamna kitu! Anwani na namba basi. Vitupu. Vinakuja mikono mitupu, na vyenyewe vinataka kupita na wengine."

"Haya gani hiyo! Kwetu nani anakwenda kwa watu mikono mitupu?"

"Ndiyo maana nimesema, vipakiti vitupu vikae mlangoni. Wenye mizigo wote wakishapita, navyo vitapita."

Niliona ana akili. Mimi na Sheishenaly kukubaliana jambo kilikuwa kitu kigeni, na kilipaswa kunishtua, lakini siku ile nilikwenda nyumbani nimetulia kabisa.

Kesho yake mtandao ulikufa.

Sisemi ulizimika. Kuzimika kungekuwa na heshima yake. Ulikufa kifo cha mzee anayekohoa ukadhani atasema kitu, kisha asiseme. Ukifungua picha ya mjukuu, paji la uso linatokea asubuhi na pua inatokea baada ya chai. Na wa kwanza kulalamika hakuwa mimi mtu wa mlangoni. Alikuwa Dootaly mwenyewe, mwenye foleni ya kwanza. Alikuwa ametoka kutimiza miaka sitini, karamu ilirekodiwa kwa kamera tano, na mwanawe alikuwa akiipeleka yote kwa ndugu walioko Moscow, usiku na mchana, kamera kwa kamera. Alimkamata Sheishen dukani mbele yetu.

"Wewe Sheishen, uliniambia mimi natangulia."

"Unatangulia, Mheshimiwa. Mbele yako hayupo mtu."

"Sasa mbona hata hali ya hewa haifunguki?"

"Labda," alisema injinia, akitafakari huku anajikuna kidevu, "cheo hakijatosha."

Akaenda akampandisha cheo. Aliunda foleni nyingine mbele ya ile ya kwanza, akamweka Dootaly huko peke yake. Mtandao ukazidi kukohoa. Imamu akaja kushtaki kwamba sasa yeye amekuwa wa tatu, akaundiwa yake. Kufikia mwisho wa wiki ile kompyuta ya Sheishen ilikuwa na vyeo vingi kuliko serikali, na kijiji kizima hakikuweza kupata picha ya kuku.

Mimi ningecheka mpaka leo, kama isingekuwa mambo ya mwanangu.

Mwanangu Adyl yuko Seoul. Huko alikutana na binti wa kwetu, wa mkoa wa Talas, anaitwa Jazgul, wote wawili wanafunga maboksi ya vifaa vya jikoni, na wakaamua kuoana huko huko kwa sababu mkirudi nyumbani hamjui kama mtaruhusiwa kuingia tena. Kwetu bi harusi hajawa mke mpaka awainamie wakubwa wa mume akiwa amefunga kitambaa cheupe, na mkubwa wao akunjue viganja amwombee dua ya baraka. Mkubwa wetu sisi ni Mama Uulkan. Naye alikuwa kitandani tangu kondoo waliposhuka kutoka malisho ya juu, moyo umechoka, miguu imevimba. Daktari msaidizi wa zahanati alikuja akamsikiliza kifua, akatoka nje na mimi, akaniambia nisipange mambo ya mbali.

Tulijaribu kwanza simu ya video. Jazgul akasimama Seoul na kitambaa chake, akaanza kuinama, na katikati picha ikaganda. Binti amepinda kiuno, mkono mmoja hewani. Mama Uulkan akamtazama muda mrefu.

"Anaumwa tumbo?" akauliza.

"Hapana, Mama. Ni mtandao."

"Siwezi kumwombea dua mtu ambaye sijamwona akiinama. Nitakuwa namwombea nani? Nitaombea hicho kioo?"

Na binti naye, aliposikia, akasema hafungi ndoa bila dua ya bibi. Mmoja Seoul hafungi, mwingine Tash-Bulung haombi, na mimi katikati. Adyl akarekodi video nzima, kwa ubora wa juu kabisa wa simu yake, maana ni mtoto wangu na hana kiasi, akaituma. Barabara ya mlimani ilikuwa imeshafungwa na theluji, hapakuwa na gari la kutuletea chochote kutoka mjini. Ilikuwa ni mtandao wa shemeji yangu au hakuna.

Ile video ilianza kushuka ikasimama. Ukanda mdogo wa kijani ulitokea chini ya kioo, ukafikia unene wa ukucha, ukakaa hapo. Kila asubuhi Mama Uulkan aliniuliza, "Binti amefika wapi?" utadhani anakuja kwa miguu. Mimi nikamjibu, "Yuko njiani, Mama." Nilikuwa naona vidole vyake vinavyobadilika rangi. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko wakati mume wangu alipoanguka, kwa sababu ile ilikuwa ghafla na hii nilikuwa naitazama ikija.

Ndipo wazee wakaamua kuja kumwombea. Sheishen akachinja kondoo mweusi, chumba kikubwa kikatandikwa magodoro na kitambaa cha chakula, na kitanda cha Mama Uulkan kikasogezwa mle mle, mwisho kabisa wa chumba, mahali pake pa heshima. Mimi nilikuwa jikoni. Nyama ikaiva, nikaipanga kwenye sinia, kila mfupa na mwenyewe. Na nyama kwetu haiingii chumbani kabla mikono haijanawishwa. Anayenawisha ni mdogo kuliko wote: anazunguka na birika na beseni, kuanzia kwa mkubwa. Na mdogo kuliko wote, hata avae koti lenye mifuko mingapi, ni Sheishenaly.

Nilisubiri. Mafuta juu ya nyama yakaanza kuganda. Nikachungulia.

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni kati ya viatu, birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Wageni walikuwa bado wanaingia. Dootaly anaingia, Sheishen anasogea kando kumpisha. Dootaly anasimama mlangoni kuuliza habari za mifugo, mmoja mmoja. Wakwe wa Dootaly wanaingia, Sheishen anasogea. Imamu anaingia, anavua koti, anatafuta pa kulitundika, Sheishen anasogea. Kila mwenye cheo alipita, na mwenye birika akazidi kubanwa kwenye ukuta, na ndani wale waliokwishaketi walikuwa wameshakunja mikono ya mashati wanaangalia dari.

"Sheishen!" nikamwita. "Nyama inaganda! Maji yako wapi?"

"Nitapitaje, Shemeji? Wakubwa wanaingia."

"Wewe unabeba nini hapo, fahali? Una birika tu! Pita katikati yao!"

"Siyo heshima, waache kwanza wapite wote..."

"Heshima gani? Wakishapita wote watakula nini? Mikono haijanawa, sinia haitoki jikoni. Huna kitu mkononi, hutachukua nafasi ya mtu, lakini wewe usipopita hakuna kinachosogea humu ndani! Pita, bwana!"

Alinitazama. Nimemwona Sheishenaly akipigwa na ng'ombe, nimemwona akichumbia, sijawahi kumwona na uso ule. Mdomo ukafunguka.

"Hana kitu mkononi," akasema polepole.

"Ndiyo nimesema."

"Asipopita, hakuna kinachosogea."

"Umekuwa kasuku?"

Akageuka akakimbia. Akatoka nje na birika langu, beseni langu na taulo begani, akavuka ua kwa soksi kwenye theluji, akaelekea ofisi ya ushirika. Ndani Dootaly alikuwa ameshanyoosha mikono yake miwili mbele kungojea maji. Akabaki ameinyoosha.

"Amekwenda wapi?" akauliza.

"Kunawisha ng'ambo, Mheshimiwa," nikamwambia. Niliwanawisha wageni wote kwa buli la chai, jambo ambalo bado linasemwa kijijini kwetu, nikawapa nyama yao, kisha nikajifunga shali nikamfuata mwendawazimu wangu.

Nilimkuta ameinama mbele ya ukuta wake, soksi zinavuja maji sakafuni, birika liko juu ya meza karibu na vidole vyake.

"Birika," nikasema.

"Shemeji, sikiliza. Mtu akiwa Seoul akatuma pakiti kadhaa, zikifika hapa sisi tunamjibu: nimepata. Ndiyo anatuma nyingine. Tukikawia kumjibu anasimama, anasubiri. Tukikawia zaidi anadhani zimepotea, anarudia zile zile, na anapunguza mwendo."

"Sasa hilo jibu lina ubaya gani?"

"Halina ubaya. Ni dogo. Ndani hamna kitu, ni 'nimepata' tu."

Nikavuta kiti nikakaa. "Sheishenaly. Mama yako alikulea kwa maziwa ya farasi na ini la kondoo. Niambie polepole. Hayo majibu ndiyo uliyoyaweka mlangoni?"

"Ndiyo."

"Nyuma ya karamu ya Dootaly?"

"Nyuma ya karamu ya Dootaly." Akatazama soksi zake. "Kamera zote tano."

"Kwa hiyo Jazgul amesimama Seoul na mlango uko wazi, anasubiri mtu amwambie tumempata, na anayekwenda kumwambia umemkalisha kwenye viatu asubiri mpaka Dootaly amalize kuzimisha mishumaa sitini."

"Shemeji, na wewe ulikubali. Ulisema, haya gani hiyo."

"Mimi siyo injinia."

Akageukia kioo. Alikuwa anafuta vyeo. Akaifuta foleni ya Dootaly ya mbele ya mbele, ya imamu, ya wakwe, moja baada ya nyingine, na kila alipofuta moja aliangalia mlango, asije akaingia mtu akanuna. Akabakiza foleni mbili. Wenye mizigo wote, mkuu wa kijiji na mimi na mchunga kondoo, akawaweka katika moja. Vipakiti vitupu akavipa yao peke yao, akaitanguliza mbele ya kila kitu.

"Na Dootaly akigundua?"

"Hatagundua. Ni vidogo mno, vinapita katikati ya watu. Karamu yake itachelewa kwa muda wa kupiga chafya." Akabonyeza. "Na sasa hivi na yeye hali ya hewa itamfungukia. Atadhani nimempandisha cheo tena."

Nilichukua birika langu nikarudi. Sikuwa na imani naye hata kidogo. Lakini nilipoingia chumbani wazee walikuwa bado wananyonya mifupa, na simu niliyoiacha juu ya mto wa Mama Uulkan ilikuwa na ule ukanda wa kijani umejaa kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Tukamwinua Mama Uulkan tukamwegemeza. Sheishen akaja anahema, soksi mbichi, akashika simu mbele yake. Chumba kizima kikasogea, hata Dootaly alipanda juu ya godoro la watu. Jazgul akatokea, kitambaa cheupe, nyuma yake ukuta wa bweni na nguo zimeanikwa. Akainama mara tatu, safi kabisa, bila kuganda. Wanawake wakaanza kufuta machozi. Sheishen akavuta pumzi akajaza kifua, nikajua hotuba inakuja.

"Arudie," akasema Mama Uulkan.

Sheishen akaishusha simu.

"Mama?" akasema Sheishen.

"Ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Arudie."

Sheishen alikaa kwenye sakafu. Nadhani angelia. Wengine wakaangaliana, na Dootaly akanong'ona kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Mimi peke yangu nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu nilikumbuka sakafu ile ile, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa na kitambaa changu cheupe, mama mkwe yule yule amekaa mahali pale pale, anasema, "Arudie." Alinifanya nirudie mpaka magoti yakaniuma. Nilimchukia siku ile. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba bi harusi asiyemtaka hamwambii arudie, anamwacha aende zake.

Nikamwandikia Adyl: bibi anasema arudie. Na nikafikiri, haya, sasa tutasubiri mpaka theluji iyeyuke. Nikamimina chai. Video ya pili ilifika kabla Mama Uulkan hajapoza kikombe chake.

Safari hii Jazgul alikwenda chini polepole, akakaa huko chini, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, na akatabasamu. Mama Uulkan akagusa kioo kwa kidole.

"Ana mgongo wa kazi," akasema. Kisha akakunjua viganja.

Chumba chote kikakunjua viganja. Tulikuwa tunajua dua zake. Wakati wake, dua ya Mama Uulkan ilianzia kwa mababu saba, ikapita kwa farasi na ng'ombe, na nyama ilipoa kila mara. Siku ile pumzi ilimtosha maneno machache tu. Alisema, "Nimekuona, mwanangu. Umefika nyumbani." Akabaki na viganja wazi, anatafuta mengine, hayakuja.

Sheishen alikuwa amerekodi. Akatuma. Mama Uulkan hakushusha mikono.

"Amepata?" akauliza.

"Subiri kidogo, Mama."

"Amepata?"

Mikono ilikuwa inamwelemea. Nilitaka kuishika chini ya viwiko lakini hairuhusiwi. Nilimwangalia shemeji yangu anavyoitazama ile simu, na sikuona injinia, nilimwona yule mtoto wa kwenye sanduku langu. Simu ikalia. Kutoka Seoul kulikuwa na neno moja, halina hata nukta: Nimepata

"Amepata, Mama," akasema Sheishen.

"Amina," akasema Mama Uulkan, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, na chumba kizima kikajipangusa baada yake.

Alituacha kabla barabara haijafunguliwa. Siku ya kumzika, watu walikuja kwa farasi kutoka mabonde yote. Chumba kile kile, kitambaa kile kile, mwisho wa chumba palikuwa na mto wake tu, hakuna aliyethubutu kukaa. Sheishen alikuwa mlangoni kati ya viatu, amekuja kushika birika kama kawaida yake. Mimi nikamnyang'anya.

Mimi ni mke wa kaka yake mkubwa, na mwanamke wa umri wangu habebi birika. Dootaly aliyekaa ndani kuliko wote akakunja mikono ya shati akanyoosha viganja. Nikampa kisogo. Nikaweka beseni mbele ya Sheishenaly pale pale mlangoni, nikamimina maji kwenye mikono yake kwanza. Alikuwa anatetemeka mabega, na maji yalikuwa yanamwagikia kwenye mfuko mmoja wa lile koti.

"Shemeji, watu wanaangalia," akanong'ona.

"Waangalie. Usijione," nikamwambia. "Nimeanza na wewe kwa kuwa uko karibu na mlango. Nawa na masikio."